Kikundi cha Ukoo: Tuanze Kuhangaika Saa Ngapi?

Jabiri (Jumatatu, saa 1:40 usiku)
Shikamooni wazazi wetu. Mimi, Zuhura na watoto wawili tunaondoka keshokutwa alfajiri. Kutoka kituo cha mwisho cha mafuta hadi mji wa upande wa pili ni kilomita 640 za barabara ya vumbi, na sehemu kubwa ya njia haina nyumba wala mnara wa simu. Tumepanga kulala njiani siku mbili na kufika Ijumaa jioni. Tukifika nitawajulisha.

Shangazi Mwanaidi
Marahaba mwanangu. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayoninyima usingizi hata kabla hamjaondoka, kwa sababu hayanielezi nifanye nini msipofika. Jumamosi asubuhi simu yako isipopatikana, nitajuaje kama mmejipumzikia tu chini ya mti au gari limetitia mchangani?

Mama
Mimi naona apige simu kila jioni.

Jabiri
Mama, nisingependa kukuahidi jambo ambalo sitaliweza. Ramani niliyokwisha kuipakua itafanya kazi hata pasipo mtandao, kwa kuwa simu hupokea tu ishara za setilaiti. Lakini kupokea si kutuma. Mimi nitajua nilipo, ninyi hamtajua.

Baba Mdogo Hamadi
Ndiyo maana lazima tukubaliane saa, na saa hiyo haitokani na wasiwasi wa mtu bali na maji mliyobeba. Umeweka lita ngapi, Jabiri?

Jabiri
Lita 60, Baba Mdogo. Watu wanne, lita 5 kwa kila mmoja kwa siku, siku tatu.

Baba Mdogo Hamadi
Basi maji yako yanakwisha usiku uleule tunaotarajia mfike, yaani kabla shangazi yako hajaanza hata kuuliza. Beba ya siku tano, lita 100, na uyagawe katika madumu madogo ili moja likipasuka msipoteze yote. Kwa hesabu hiyo, tukiwapa hadi Jumamosi saa sita mchana ndipo tutoe taarifa polisi, watakaowatafuta watakuwa na siku moja na nusu kabla hamjaanza kukaukiwa.

Zuhura
Baba, lita 100 ni kilo 100, na dizeli nayo ina nafasi yake. Gari letu hutumia lita moja kwa kilomita 8 kwenye barabara nzuri, hivyo kilomita 640 zingetaka lita 80, ambazo ndizo ujazo wa tangi. Kwa kuwa mchangani gari hunywa zaidi, tumeongeza madumu mawili ya lita 20. Hayo hayawezi kukaa ndani pamoja na watoto, kwa hiyo yatafungwa kwenye keria, na maji yatakaa sakafuni, kwa sababu uzito mwingi juu hulifanya gari kuwa rahisi kupinduka. Nitaacha meza na viti vya kukunja.

Jabiri
Viti pia?

Zuhura
Viti pia.

Idi
Kaka, zile tairi za akiba mbili ni za mwaka gani? Usiangalie kashata peke yake, yaani yale meno ya tairi yanayogusa barabara. Ubavuni kuna tarakimu nne. Ikiwa zimeandikwa 2312, tairi ilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2012, na mpira wa umri huo hauaminiki hata kama haujawahi kugusa barabara.

Jabiri
Nimetoka kuangalia kwa tochi. Moja ni 0823, nyingine ni 4011. Kesho asubuhi ninabadilisha hiyo ya pili, nawe nakushukuru sana.

Mjomba Rashidi
Kwa nini msiendeshe usiku, kukiwa na ubaridi?

Baba Mdogo Hamadi
Hapana, Rashidi. Mnyama husimama katikati ya njia akiikodolea macho taa, na shimo huonekana likiwa tayari chini ya gurudumu. Jabiri, sikiliza jambo ambalo miaka yangu ya malori ilinifundisha: gari likiharibika, msiliache. Lina kivuli, lina maji, na kutoka angani huonekana kwa urahisi kuliko mtu anayetembea. Wala msichepuke kwenda njia nyingine hata kama inaonekana fupi, kwa sababu tutawatafuta kwenye njia mliyoandika.

Jabiri
Nimeelewa. Linalonitia shaka ni moja: tukichelewa kwa pancha tu, tutakuwa tumewasumbua polisi bure.

Shangazi Mwanaidi
Nitawaomba radhi mimi mwenyewe, na sitaona aibu. Lakini nawe uahidi kwamba mkifika mtatuma ujumbe kabla ya kushusha mzigo wala kuoga, maana nawafahamu. Nitakuwa na namba ya gari, rangi yake, majina yenu na njia yote kwenye karatasi, wala si ndani ya simu inayoweza kuzimika.

Mama
Nami nipewe nakala, wifi yangu.

Jabiri (Jumatano, saa 12:25 asubuhi)
Tupo kituo cha mwisho. Tangi na madumu vimejaa, maji ni lita 100 kamili, na upepo wa tairi tumeupima zikiwa bado baridi. Tukifika kwenye mchanga tutaupunguza, na pampu ya kuurudisha tunayo. Njia ni ileile niliyowaandikia.

Shangazi Mwanaidi (saa 12:31 asubuhi)
Nendeni salama. Jumamosi, saa sita mchana.

Mama (saa 1:15 asubuhi)
Zuhura, dawa ya kifua ya mtoto umeiweka mahali pa karibu?

Mama (saa 2:02 asubuhi)
Ujumbe wangu una tiki moja tu.

Baba Mdogo Hamadi
Wameshaingia, shemeji. Utabaki na tiki moja hadi Ijumaa.