Pikapu inapiga mluzi nikifunga breki kwenye mteremko wa Lushoto, na pedi ni mpya

Mboga_za_Mlimani

Ndugu zangu, naomba ushauri. Nina pikapu ya tani moja inayopakia kabichi na viazi kutoka Lushoto kuteremka Mombo mara tatu kwa wiki. Breki za mbele ni za diski, za nyuma ni za dramu. Mwezi uliopita zilianza kupiga mluzi mkali, nikabadilisha pedi zote nne za mbele, na kwa siku kama kumi pakawa kimya. Sasa mluzi umerudi.

Asubuhi gari likiwa la baridi halilii. Huanza nikifika katikati ya mteremko, hasa ninapokanyaga breki kidogo kidogo kwenye kona, ila nikikanyaga kwa nguvu sauti hukatika. Jambo jingine ni kwamba rimu ya mbele kushoto huwa nyeusi kwa vumbi kuliko ya kulia, ingawa naziosha zote siku moja. Fundi wa kwanza amenishauri nipake grisi kidogo kwenye uso wa pedi ili zinyamaze, na wa pili anasema ninunue diski mpya. Barabara ile mnaijua: upande mmoja ukuta wa mlima, upande wa pili bonde. Sitaki kubahatisha.

Fundi_Korogwe

Ndugu yangu, kwanza kabisa, usipake grisi kwenye uso wa pedi, wala usimruhusu mtu yeyote akupakie. Pedi husimamisha gari kwa kuisugua diski, na ikinyonya grisi haisafishiki tena. Gurudumu hilo litashika kidogo kuliko mwenzake na gari litavuta upande siku unayoihitaji breki kwa dharura.

Mluzi wa breki ni mtetemo wa kasi sana kati ya pedi na diski, kwa hiyo swali la kujiuliza ni nini kinachoiruhusu pedi itetemeke. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha chuma ambacho hugusa diski zikibaki kama milimita 2 au 3, ili kikupigie kelele mapema. Zako ni mpya, lakini usikiondoe kibati hicho katika hesabu mpaka uzipime, kwa sababu hiyo rimu nyeusi ya kushoto ndiyo iliyonishtua zaidi ya mluzi wenyewe. Vumbi jingi upande mmoja ni dalili kwamba pedi za upande huo hazibanduki kwenye diski hata ukiondoa mguu.

Fanya hivi. Ukimaliza safari, usishike rimu kwa mkono; dondoshea matone machache ya maji kwenye rimu zote mbili karibu na kitovu, sio kwenye diski, uone kama ya kushoto inachemsha maji wakati ya kulia inalowa tu. Kisha, gari likishapoa, liweke mahali tambarare, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, inua kwa jeki na usimamishe kwenye stendi, ndipo uzungushe gurudumu kwa mkono. Likiwa zito, fungua kalipa, yaani kile kifaa kinachozibana pedi kwenye diski. Kama ni ile inayoteleza juu ya pini mbili, chomoa pini zote mbili, kisha toa pedi ya ndani na ya nje uzilinganishe. Watu wengi huchungulia pedi ya nje tu kupitia matundu ya rimu, wakaridhika, na ya ndani imekwisha.

Dereva_Mkongwe

Naungana na fundi, ila naomba kuongeza upande wa uendeshaji, maana gari limeeleza tatizo lake lenyewe: linalia likipata moto. Kijana wangu, unateremka na gia namba ngapi? Ukishuka na gia nyepesi, yaani ya namba kubwa, huku mguu ukikaa juu ya breki kilomita nzima, uso wa pedi huungua ukang'aa kama kioo, na pedi ya namna hiyo hulia hata kama kalipa ni nzima. Sisi tulifundishwa kushuka na gia ile ile ambayo ungepandia, uiache injini ilishikilie gari, kisha ukanyage breki kwa nguvu kidogo, upunguze mwendo, uachie kabisa zipumue. Kukanyaga kidogo kidogo bila kuachia ndiko kunakozichoma.

Mboga_za_Mlimani

Shikamoo mzee, na asante fundi. Nakiri nilikuwa nashuka na gia namba tatu, wakati kupanda natumia ya pili.

Jumamosi nimefungua. Maji yalichemka kwenye rimu ya kushoto, ya kulia yakatiririka. Pedi ya nje ya kushoto ilikuwa na milimita 9, ya ndani 4 tu, na imepinda upande kama kabari. Pini ya juu ilitoka kwa urahisi, lakini ya chini ilinichukua nusu saa. Mpira wake wa kuzuia vumbi umechanika na ndani mmejaa kutu na tope jekundu lililokauka. Pistoni zenyewe, zile zinazosukuma pedi, zinarudi vizuri nikizisukuma kwa klempu. Diski haina nyufa wala mfereji, na unene wake ni milimita 1.5 zaidi ya kiwango cha chini kilichochongwa pembeni mwake.

Fundi_Korogwe

Basi umempata mwizi. Diski mpya huhitaji. Nunua pini na mipira yake kwa kalipa zote mbili, safisha matundu yake, na upake grisi maalumu ya breki ya silikoni kwenye pini. Grisi ya kawaida ya beringi huvimbisha mpira, na baada ya muda pini itakwama tena. Badilisha pedi za pande zote mbili, kamwe usibadilishe upande mmoja, na urudishe vile vibati vya mgongoni mwa pedi, maana mafundi wengi huvitupa ilhali ndivyo vinavyozuia mtetemo. Diski isugue kwa msasa mwepesi, kisha uioshe.

Ukishafunga, pampu kanyagio mpaka liwe gumu kabla ya kuwasha gari. Halafu tafuta barabara tulivu, punguza mwendo kutoka kilomita 50 hadi 10 kwa saa mara nane hivi, bila kusimama kabisa, ukizipa breki muda wa kupoa kila mara. Mafuta ya breki kama hukumbuki lini yalibadilishwa, yabadilishe sasa: hunyonya unyevu, na yenye unyevu huchemka mapema. Kwenye mteremko kama wako yakichemka, kanyagio litazama hadi chini bila gari kupungua mwendo.

Mboga_za_Mlimani

Nimefanya yote, pamoja na mafuta. Jana nimeshuka na gunia kumi za viazi kwa gia namba mbili, na pale Mombo nimedondosha maji kwenye rimu zote mbili. Hayakuchemka popote.