Nyeupe imekuwa manjano kwenye monita inayotumia adapta ya HDMI kwenda VGA

Swali

Habari zenu, ndugu. Kompyuta yangu mpakato ina tundu la HDMI pekee, na monita yangu ya zamani inapokea VGA tu, hivyo nimeziunganisha kwa adapta. Picha imetulia na maandishi yanasomeka, ila kila kilicho cheupe kimekuwa cha manjano, na viungo vya tovuti ambavyo huwa vya buluu vinaonekana vyeusi. Skrini ya kompyuta yenyewe haina tatizo. Nimezima mwanga wa usiku (mpangilio wa kompyuta unaopunguza buluu kwenye skrini) na kuongeza buluu katika menyu ya monita, bila mafanikio. Je, monita ndiyo imeharibika?

Jibu la kwanza

Ndugu, hivyo viungo vyeusi ndivyo vinavyotoa jibu. Mwanga wa usiku hupunguza buluu tu, lakini kwako buluu haifiki kabisa. VGA hupitisha nyekundu, kijani na buluu kila moja katika waya wake, na nyeupe hupatikana zote tatu zikichanganyika. Buluu ikikatika, nyekundu na kijani zinazobaki hutoa manjano. Ingekatika nyekundu ungeona samawati, na ingekatika kijani ungeona zambarau inayoelekea waridi. Kuongeza buluu kwenye menyu hakuwezi kusaidia iwapo hakuna buluu inayoingia.

Sasa itazame menyu hiyo ya monita kwa makini. Inachorwa na monita yenyewe, haipitii kwenye adapta wala kebo, kwa hiyo ikiwa nyeupe na buluu zake ni safi, paneli ni nzima na kasoro iko kati ya kompyuta na tundu la VGA.

Jibu la pili

Naunga mkono. Naongeza tu kwamba wengi hupenda kupiga picha ya skrini kwa kompyuta yenyewe (screenshot) na kuitazama kwenye simu. Picha ikiwa safi, bado haikuambii kama ni kebo au mwanga wa usiku, kwa sababu kwa kawaida mwanga wa usiku nao hauonekani kwenye picha hiyo.

Zima vifaa vyote, chomoa kebo, kisha uitazame plagi upande mpana ukiwa juu. Ina safu tatu za pini. Buluu ni ile ya katikati kabisa katika safu ya juu, yaani pini ya 3. Ikiwa imepinda, inyooshe taratibu kwa kibano chembamba. Usishtuke ukikuta pini ya 9 haipo, kwani kebo nyingi hutengenezwa bila hiyo. Pini zote zikiwa sawa, washa tena na uitikise kebo kidogo kila upande huku ukitazama skrini.

Muulizaji

Nashukuru sana. Menyu ya monita ina rangi zote sawasawa, na pini zimenyooka. Nilipoitikisa kebo karibu na adapta buluu ilirudi ghafla ikapotea tena, lakini upande wa monita hakukuwa na badiliko. Je, ninunue adapta au kebo?

Jibu la pili

Usinunue chochote kwanza. Azima kebo nyingine ya VGA uijaribu na adapta hiyohiyo. Buluu ikitulia, kebo yako imekatika ndani karibu na plagi. Ikiendelea kupotea, tundu la adapta limelegea na adapta ndiyo ya kubadilishwa. Vyovyote iwavyo, kaza skrubu mbili za plagi na uiegemeze adapta juu ya meza, kwa kuwa kebo ya VGA ni nzito na ikining'inia huvuta viungio hivyo kila wakati.