Bia ya kegi inatoka povu tupu: mpira mrefu, presha ndogo au koki yenye kidhibiti?

Mwanga Juu (Kigoma)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninatengeneza bia nyumbani kwa matumizi yangu na ya wageni wangu, na tangu nilipoacha chupa na kuhamia kegi ya chuma ya lita 19 sijamimina hata glasi moja ya kueleweka. Robo tatu ni povu, na nikisubiri litulie ninabaki na bia iliyopooza, isiyo na gesi.

Kegi imo ndani ya friza ya kulala niliyoifungia themostati ya nje na kuiweka nyuzi 4 za Selsiasi. Geji ya regulata, kile kifaa kinachodhibiti presha ya gesi inayoingia kwenye kegi, inasoma bar 0.8. Mpira kutoka kegi hadi koki una urefu wa mita 1.5 na kipenyo cha ndani cha milimita 6, kwa sababu ndio uliokuwapo dukani, na koki nimeifunga kwa nje, kwenye fremu ya mbao niliyoiongeza chini ya mfuniko. Nimeshauriwa mambo matatu na watu watatu, kila mmoja akiapia lake: kuweka mpira mrefu na mwembamba zaidi, kushusha presha wakati wa kumimina, au kununua koki yenye kidhibiti cha mtiririko. Naomba kusikia kutoka kwa waliojaribu, kabla sijaagiza kifaa Dar es Salaam na kukaa kukisubiri.

Mzee wa Ujiji

Mwanangu, umetaja dawa tatu lakini hujasema povu linaanzia wapi. Gesi ya kaboni dioksaidi hukaa ndani ya bia kwa sababu ya ubaridi na mgandamizo. Popote njiani ambapo bia inapata joto au inapoteza mgandamizo kwa ghafla, gesi hutoka, na kinachofika kwenye glasi ni povu.

Mimina glasi tatu mfululizo bila kupumzika, koki ikiwa imefunguliwa yote, maana koki iliyofunguliwa nusu hutengeneza povu yenyewe. Ikiwa ya kwanza ni povu na mbili zinazofuata ni nzuri, basi kosa ni joto la koki na la mpira, ambavyo hupozwa na ile glasi ya kwanza. Zikiwa mbaya zote tatu, tazama presha, mpira, au bia yenyewe kama imeshiba gesi kupita kiasi. Na ukiona viputo vikipanda mfululizo ndani ya mpira pale unapoungana na kegi, fungua uangalie oringi, pete ndogo ya mpira iliyo chini ya kichwa cha mrija wa bia: ikichakaa, gesi iliyo juu ya bia hupenya hapo na kuchanganyika na bia inayotoka, na hata ukifunga mpira wa mita kumi hautakusaidia.

Nina swali jingine: hiyo gesi uliijaza kwa namna gani?

Mwanga Juu (Kigoma)

Shikamoo mzee. Nimefanya ulivyoagiza. Glasi ya kwanza ni povu tupu, ya pili na ya tatu ni nusu kwa nusu. Viputo karibu na kegi sivioni.

Kuhusu gesi, ninakiri kosa. Wageni walikuwa wanakuja kesho yake, kwa hiyo nilipandisha geji hadi bar 2, nikaivingirisha kegi sakafuni kwa dakika kadhaa, kisha nikaiacha kwenye presha hiyo hiyo usiku kucha.

Mzee wa Ujiji

Marahaba. Basi una matatizo mawili au matatu yaliyopandana, na ndiyo maana kila mshauri wako ana ukweli kidogo.

Anza na bia yenyewe. Chomoa mpira wa gesi, vuta valvu ya usalama iliyo kwenye mfuniko mpaka iishe kupumua, iache kegi ndani ya friza saa chache, uvute tena, na uendelee hivyo kwa siku moja au mbili. Gesi iliyozidi itapanda yenyewe kutoka kwenye bia. Ukiona imetulia, rudisha bar 0.8 na usiiguse. Awamu ijayo weka presha hiyo hiyo tangu mwanzo na usubiri siku kumi hadi wiki mbili. Kwa nyuzi 4 bia itashiba kiasi chake bila kuvingirishwa.

Binti Cheyo (Tabora)

Shikamoo mzee, na salaam kwa wote. Bia ikishapunguzwa gesi, mimi ningeanza na mpira, na nitaeleza kwa nini nauweka mbele ya koki ya bei kubwa.

Ile bar 0.8 inayosukuma bia haina budi kuishia njiani. Msuguano ndani ya mpira huila kidogo kidogo, ili bia ifike kwenye koki ikiwa imechoka na itoke taratibu. Mpira wa milimita 6 wenye urefu wa mita 1.5 hula takriban bar 0.3 tu, nusu bar iliyobaki hupotea ghafla pale kwenye mdomo wa koki, na gesi nayo huruka mahali hapo hapo. Kipenyo cha ndani kikishuka kutoka milimita 6 hadi 5, ukinzani wa kila mita hupanda zaidi ya maradufu, kwa hiyo kipenyo kina nguvu kuliko urefu. Mimi natumia mita 3 za mpira wa milimita 5 na glasi ya nusu lita inajaa kwa takriban sekunde kumi. Wapo watakaokuletea majedwali ya hesabu yanayosema nusu ya urefu huo inatosha. Niliyafuata, nikakata, nikajuta. Mpira mrefu unapunguzwa kwa kisu, lakini mfupi haurefushwi.

Kama koki iko juu ya kegi, kila mita moja ya kupanda hula takriban bar 0.1 nyingine. Kwenye friza kama yako ni kitu kidogo mno, usikihangaikie.

Fundi wa Gungu

Natengeneza majokofu, na hapa napingana kidogo na dada yangu wa Tabora. Kwenye sherehe sijawahi kufunga mpira wa mita tatu. Ninafunga gesi, ninapumulisha kegi, ninafungua regulata kwa bar 0.2 tu, na watu wanakunywa. Lita 19 ni glasi 38 za nusu lita. Kwenye kipaimara hazifiki saa mbili usiku. Gharama yake ni sifuri.

Binti Cheyo (Tabora)

Kaka yangu, kwa kegi inayokwisha siku hiyo hiyo sina ubishi nawe, na hata mimi nimefanya hivyo. Ila Mwanga Juu anakunywa glasi mbili jioni, kegi inakaa mwezi. Bia iliyoshibishwa kwa bar 0.8 ikiwekwa chini ya bar 0.2 huanza kuachia gesi mpaka ilingane na presha mpya; sehemu ya gesi hiyo hutokea ndani ya mpira, kwa hiyo glasi ya kwanza inakuwa povu tena, na baada ya siku kadhaa kegi nzima imepooza. Atalazimika kupandisha presha kila anapomaliza kunywa na kuishusha kila anapotaka kunywa. Hiyo ni kazi ya mlinzi, nayo ni ya kila siku.

Fundi wa Gungu

Kwa kegi ya mwezi mzima nimekubali. Lakini msisahau ile glasi ya kwanza, ambayo mpira mrefu hautaiponya peke yake. Ndani ya friza ya kulala hewa baridi hulala chini. Themostati ikisoma nyuzi 4 kwenye sakafu, hewa iliyo chini ya mfuniko inaweza kuwa na joto kubwa zaidi kwa nyuzi kadhaa, na mpira wako umekunjwa huko huko juu. Koki ya chuma iliyo nje inashinda kwenye joto la Kigoma mchana kutwa.

Dawa yake ni kifeni cha kompyuta cha volti 12, kikielekezwa kuvuta hewa ya chini na kuisukuma juu kuelekea nyuma ya koki, na kihisi cha themostati kikigandishwa kwa utepe ubavuni mwa kegi badala ya kuning'inia hewani. Asiye na haja ya koki ya kupendeza anunue ile ya plastiki ya kubonyeza, inayokaa ndani ya friza pamoja na mpira wake wote. Haina uzuri, lakini haipati joto. Umeme ukikatika usifungue mfuniko. Na ukirudi, usimimine mpaka bia ipoe tena, hata kama mgeni amekaa.

Mnyamwezi wa Ipuli

Mimi ndiye niliyenunua hiyo koki yenye kidhibiti, kwa hiyo niitetee na kuisema. Pembeni ina mkono mdogo unaobana njia ya bia kidogo kidogo, hivyo kazi ya mpira mrefu inafanyika ndani ya koki. Nina kegi mbili zenye vinywaji viwili: bia ya kawaida, na wanzuki ya asali ninayoipenda iwe na gesi nyingi zaidi. Mpira ni ule ule wa mita 2, naongeza au napunguza kwa mkono. Kwa mwenye kinywaji cha aina moja sioni faida inayolingana na bei, na inadai kufunguliwa na kusafishwa mara kwa mara kwa sababu uchafu hujificha nyuma ya kidhibiti.

Lakini povu la wanzuki lilinishinda kwa miezi miwili hata nikiwa na koki hiyo. Nilikuwa ninaiweka kwenye kegi kabla haijamaliza kuchacha, kwa kuwa asali huchacha polepole na jicho hudhani imekwisha. Hamira ikaendelea kutengeneza gesi yake ndani ya kegi, na geji yangu haikuwa na mamlaka nayo. Siku hizi sihamishi mpaka haidromita, kile kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki, isome namba ile ile kwa siku kadhaa mfululizo.

Jambo jingine. Tabora tuko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na majedwali ya presha yameandikwa kwa watu wa pwani. Nimeongeza bar 0.13 kama inavyoshauriwa, povu likazidi. Je, ushauri ni wa uongo?

Binti Cheyo (Tabora)

Ushauri ni sahihi, jirani. Geji hupima tofauti kati ya ndani ya kegi na hewa ya nje, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Tanga, kwa hiyo bila nyongeza hiyo bia hushiba pungufu. Tatizo ni kwamba umeongeza msukumo bila kuongeza ukinzani. Bana kidhibiti chako zaidi kidogo, au weka mpira mrefu zaidi. Kigoma wako chini yetu, mita 770 na kitu kando ya ziwa, nao wanahitaji nyongeza isiyofika bar 0.1.

Mwanga Juu (Kigoma)

Ninarudi baada ya wiki tatu. Bia niliipumulisha siku mbili. Mpira wa milimita 5 ulifika kwa basi, nimefunga mita 3 na kuukunja juu ya kegi, kifeni kimewekwa kama alivyoeleza Fundi, na geji inasoma bar 0.9 kwa hesabu ya Binti Cheyo. Glasi ya kwanza ina povu la vidole vitatu, zinazofuata vidole viwili. Koki yenye kidhibiti sikuinunua.

Limebaki moja la ajabu: jana glasi mbili kati ya sita hazikuwa na povu kabisa, nazo zilimiminwa kutoka kegi ile ile, kwa mkono ule ule.

Mzee wa Ujiji

Glasi hizo zilioshwa kwenye beseni moja na sahani za mawese. Mafuta huua povu mara moja.

Mwanga Juu (Kigoma)

Ni kweli, mzee, tulikula samaki, migebuka ya mawese. Nimezitenga glasi sita na beseni lake. Mpira wa zamani wa milimita 6 ninao bado. Aliye Kigoma na anayeuhitaji kwa kazi ya kuhamishia bia aniandikie, nampa bure.