Dainamo ya baiskeli inaweza kuchaji simu?

Wakuu habari, nina baiskeli yangu ile nyeusi ya kichina, dainamo ya kusugua tairi bado nzima kabisa, taa inawaka fresh. Sasa huku kwetu umeme wa kubahatisha na mimi kila siku napiga pedeli kama saa mbili kwenda na kurudi shamba, naweza kuunga waya moja kwa moja kwenye simu?

MzeeWaSolda: Usithubutu mdogo wangu, utaiunguza! Dainamo nyingi ni volti 6 wati 3 halafu inatoa AC (umeme unaogeuka-geuka mwelekeo), simu inataka DC (umeme wa mwelekeo mmoja) volti 5. Tafuta diodi nne uzifunge daraja ili AC iwe DC, weka kapasita kubwa ya kutuliza umeme, kisha regyuleta ya kushikilia volti 5. Na ukishuka mlima kwa kasi, kama hujawasha taa volti zinapanda hata kupita 20, kwa hiyo kapasita isiwe ya volti 10 hizi, nunua ya 50.

binti_pwani: Na simu kubwa usitegemee ijae, betri ya mAh 5000 ni kama wati-saa 19, ukipata wati 2 safi kwa saa mbili ni 4 tu. Kitochi ndo kinajaa. Halafu pedeli zitakuwa nzito kidogo, umeme hautoki bure, unatoka kwenye ugali wako 😂

Muuliza swali: Hahaha poa, kitochi chanatosha. Diodi naweza kuzing'oa kwenye chaja mbovu?

MzeeWaSolda: Ndio, zipime kwanza na mita.