Tupeane uzoefu: ujumbe wa kazini uliokuponza

Mtu wa Mokowe
Leo mkubwa wangu kaniletea voisi ya dakika 6 na sekunde 40. Nimeisikiliza nikishavuka, niko jetini Lamu, mashine za boti zinanguruma, simu nimeibana sikioni. Dakika ya kwanza salamu, ya pili jenereta, ya tatu kakohoa. Neno lenyewe, "usije leo, njoo kesho", liko mwisho kabisa. Nauli nishalipa. Nani mwengine yamemkuta?

Bint Langoni
Dakika 6 tu? Wangu hurikodi huku akinywa chai. Nasikia mpaka kijiko.

Kasha la Mvuje
Umenikumbusha balaa langu. Nilikuwa nashika mapokezi kwenye nyumba moja ya wageni Shela. Usiku nikamwandikia nahodha habari ya wageni 5 wa kwenda Faza. Nami nilivyolelewa, mtu humuanzi na shida. Asalaam aleikum kaka, nyumbani hawajambo, mama mkwe ameamkaje, pole na ule msiba wa Matondoni, ile hela ya mafuta usidhani nimesahau... Mstari wa tisa ndio nasema: kesho bamvua, maji yatatoka mno, mlango wa Mkanda muupite kabla ya saa moja na nusu.

Mwenyewe kasoma mpaka kwenye hela ya mafuta, akafurahi, akalala. Saa mbili asubuhi nampigia, uko wapi? "Kwani kuna safari?" Akaja mbio, kaimati bado mdomoni. Wageni wameshakasirika, naye aapa kwamba atawahi.

Mkanda nyote mwaujua, mwembamba, kati ya Manda na bara, maji yakitoka hakupitiki. Saa tatu boti imekalia tope, mikoko huku na huku. Nahodha na kijana wake wakashuka, tope magotini, wakasukuma, haikusogea hata shibiri. Wageni mwanzo wakacheka, wakapiga picha. Jua liliposhika maji ya chupa yakaisha, mzee mmoja akavua shati ajifunike kichwa, mgongo ukaiva kama kaa wa kuchemsha. Mimi huku Shela kila nikipokea simu nasikia "tumekwa..." na mtandao unakatika. Maji yaliwanasua saa saba.

Jioni meneja kaniita. "Ulimwambia?" Nikampa simu asome. Akashuka na kidole, akashuka, akashuka. Mwisho akaniinulia macho: "Na mama mkwe alipona?"

Bint Langoni
Wallahi nimecheka mpaka wateja wamenitazama 😂

Tanga Bovu
Kosa la nahodha. Nahodha gani angoja mtu wa mapokezi amwambie kuna bamvua? Bamvua hufuata mwezi, hauoni?

Kasha la Mvuje
Shikamoo mzee. Mwezi haukumwambia kuna wageni wa Faza.

Tanga Bovu
Marahaba. Lakini saa mbili alijua, na alitoka. Hapo usijibebeshe wewe.

Wa Bara Mgeni
Mimi nashauri kazini muondoe salamu. Anza na neno, maliza.

Bint Langoni
Yakhe, hayo peleka huko ulikotoka. Hapa ukimuanza mtu bila salamu hata punda hakupishi njia.

Wa Bara Mgeni
Punda wenu hawapishi hata ukiwasalimia.

Kasha la Mvuje
Msigombane. Sasa mimi salamu mstari wa kwanza, neno na saa mstari wa pili. Mama mkwe nampigia simu.

Fundi Jiko Malindi
Sisi huku shida ni kinyume. Bosi wetu Mwitaliano aliandika: "Kaa 30 saa 4." Basi, hakuna zaidi. Nikamletea kilo 30, saa nne asubuhi. Kumbe alitaka kaa 30 kwa hesabu, saa kumi jioni, kasoma saa yake ya mkononi. Kaa wazima, wamefungwa kamba, friji imejaa. Mmoja alijifungua kamba akaenda zake mpaka mapokezi, mama mmoja akapanda juu ya kiti na viatu. Nilikatwa mshahara. Kwa hiyo mtu asiniambie ufupi ufupi. Siku hizi namrudishia: kilo au idadi? Asubuhi au jioni? Yeye aniona mjinga, na iwe hivyo.

Wa Bara Mgeni
Hapo nakubali.

Zamu ya Usiku
Voisi ikizidi dakika moja mimi sisikilizi. Najibu "sawa bosi".

Bint Langoni
Dada yangu alijibu hivyo hivyo. Kumbe kakubali zamu ya Idi, siku zote tatu.

Zamu ya Usiku
😳 Ngoja nirudi nikasikilize ya jana.

Tanga Bovu
Pigeni simu. Zamani tulikuwa twaitana kwa mbiu na kila mtu alisikia.

Mtu wa Mokowe
Haya jamani, nimeshacheka. Lakini nauli yangu ya kuja na kurudi nani atanirudishia?

Kasha la Mvuje
Mtumie voisi.