Wa Tatu si Kamanda! Aliyetafsiri vyeo vya Jem'Hadar ametuharibia hadithi nzima

Wadau, jambo hili limenikaa kooni tangu Jumamosi usiku na haliteremki. Acha niliseme hapa labda nitalala.

Kuna jamaa wanaotafsiri sinema za kigeni kwa Kiswahili, ile ya DJ kusimulia juu ya picha, halafu wanazionyesha kwenye kibanda cha video huku Eastlands. Sitawataja. Niliposikia wameingia kwenye Star Trek: Deep Space Nine nilifurahi mno, kwa sababu ni mfululizo ninaoupenda kuliko mwingine wowote, na kwa miaka nimetamani kuutazama na mjomba wangu. Mjomba ni mwanajeshi mstaafu, alitoka akiwa sajini, na Kiingereza cha wale waigizaji humpita mbio. Basi nikampitia nyumbani, tukalipa shilingi 50 kila mmoja, tukakaa benchi la pili.

Walionyesha kipindi cha mwaka 1997 kinachoitwa "Rocks and Shoals". Kati ya vipindi vyote, wakachagua hicho, kisha wakakiua.

Kwa asiyewajua Jem'Hadar: ni askari wa Dominion, himaya kubwa ya anga za mbali, waliotengenezwa na Waanzilishi, watawala wake, kwa kazi moja tu, vita. Hawazaliwi, wanatotolewa, na kwa siku chache tayari ni watu wazima wenye silaha mkononi. Hawali, hawalali. Kinachowaweka hai ni dawa moja nyeupe inayoingia mwilini kwa mrija shingoni, na dawa hiyo haishikwi na askari. Inakaa kwenye sanduku lililofungwa, na anayelifungua ni Vorta, msimamizi wao, ambaye yeye mwenyewe wala hapigani. Askari akifikisha miaka 20 anaheshimiwa kama mzee. Wengi hata 15 hawaioni.

Sasa vyeo vyao. Hakuna luteni, hakuna kanali, hakuna nyota wala taji begani. Kuna Wa Kwanza, Wa Pili, Wa Tatu, na kuendelea. Basi. Cheo ni nafasi yako kwenye foleni. Kabla ya kugawa dawa, Vorta humwita Wa Kwanza kwa cheo na jina lake na kumuuliza kama anathibitisha uaminifu wa watu wake. Akithibitisha, anapokea chupa na kuwagawia wenzake. Kwa hiyo ile namba inasema nani anasimama mbele ya sanduku, nani anabeba dhamana ya uhai wa wenzake.

Katika kipindi hiki kikosi kimeanguka kwenye sayari kame. Vorta wao, Keevan, amejeruhiwa vibaya, na dawa imebaki chupa moja. Anayewaongoza askari ni Remata'Klan. Ndiye anayepanga doria, ndiye anayewatuliza wenzake wanaoanza kuchachawa kwa kukosa dawa, ndiye anayezungumza uso kwa uso na Sisko, kapteni wa adui zao. Hakuna mkubwa wake kati ya askari waliobaki. Na bado anaitwa Wa Tatu. Keevan anamwita Wa Tatu. Hata kwenye ibada ya dawa, mahali pa Wa Kwanza, anasimama yeye na anaitwa Wa Tatu Remata'Klan. Anafanya kazi ya mkubwa, anabeba mzigo wa mkubwa, na yule anayemtuma hajampa hata neno moja la heshima. Analijua hilo, analimeza, anaendelea.

DJ wetu akamwita "Kamanda".

Kamanda Remata'Klan, mwanzo hadi mwisho. Neno lenyewe linatamkwa na Keevan, linasikika nyuma ya sauti ya DJ wazi kabisa, ni namba, na juu yake tunaletewa "Kamanda". Nilihisi damu inanipanda kichwani.

Mjomba akanigusa goti. Akaniuliza taratibu, "Kijana, kama huyu ni kamanda, mbona anaongeleshwa kama karani? Na huyo mgonjwa ni nani hata amzungumzishe hivyo?" Alikuwa ameona kwa macho kitu ambacho masikio yalikuwa yanamkatalia. Sajini mstaafu anajua mtu mwenye cheo anavyosimama na asiye nacho anavyosimama. Nikaanza kumweleza kwa kunong'ona, jirani akatuambia tunyamaze, na alikuwa na haki. Ikabidi nimwache mjomba gizani katikati ya kipindi nilichomleta akifurahie.

Halafu ukafika mwisho. Keevan amewauza askari wake kwa Sisko, amempa mpango mzima wa shambulio, kwa sababu dawa ikiisha watamgeukia. Sisko hataki kuwachinja watu namna hiyo, anamwambia Remata'Klan ukweli ili ajisalimishe. Anakataa. Anatembea kwenda kufa pamoja na wenzake, kwa amri ya mtu aliyemsaliti. Ukiwa umemsikia akiitwa Wa Tatu kipindi kizima, hapo moyo unapasuka. Ukiwa umemsikia akiitwa Kamanda, unaona tu mkubwa mkaidi aliyeingiza vijana kwenye mtego. Pale kibandani watu walimcheka. Walimcheka Remata'Klan! Siwalaumu, ndivyo walivyoambiwa hadithi.

Nilimfuata mtafsiri nje. Jibu lake: watu wa mtaani hawataelewa "Wa Tatu", wanataka cheo wanachokijua. Ndugu yangu, Nairobi hii? Ni nani kati yetu hakukua akiulizwa mlangoni, kabla hata ya kuvua viatu, "Umekuwa wa ngapi?" Tunajua wa kwanza ni nani. Tunajua wa tatu anavyoingia nyumbani na ripoti mkononi. Sioni lugha ambayo vyeo vya Jem'Hadar vingeingia kirahisi kuliko hii yetu: wa kwanza, wa pili, wa tatu, na ngeli inakaa sawa bila kusukumwa. Kazi ilikuwa imeshafanywa na Kiswahili chenyewe. Alichotakiwa ni kutamka tu.

Na si kipindi hicho peke yake. Wanaume hao hao wamemfanya Gul Dukat kuwa "Gavana". Gul ni cheo cha jeshi la Cardassia, taifa jingine la mfululizo huo, hakina mwenzake kwetu, kiache kama kilivyo. Halafu Damar, mwenzake wa Cardassia, anayeanza na cheo cha Glinn, akapanda Gul, akaishia Legate, kwao ni "Kapteni" moja kwa moja, kwa hiyo mtu anapandishwa cheo mbele yako na hakuna kilichotokea. Lakini hilo ningelivumilia. La Wa Tatu siwezi.

Siku wakifika "One Little Ship" cha 1998 watafanyaje? Pale kuna mkongwe, Ixtana'Rax, aliyewekwa kuwa Wa Pili chini ya kijana wa kizazi kipya, Kudak'Etan, ambaye ni Wa Kwanza na hasikii ushauri. Mkongwe anaona hatari mapema, anasema, anazimwa. Ugomvi wote uko kwenye zile namba mbili. Mkiwaita "Kamanda" na "Kamanda Msaidizi" mtakuwa mmeua cha pili.

Ninachotaka ni hiki. Rudieni sauti ya hicho kipindi. Si lazima yote, ni zile sehemu anazotajwa kwa cheo, na nimeshaziandika zote kwenye daftari kwa dakika na sekunde. Nitakuja mwenyewe, jioni yoyote baada ya saa kumi na mbili, nikae na mtafsiri mpaka tumalize, na sitaki hata senti. Chai nitabeba.

Mjomba amenipigia leo asubuhi kuuliza kama yule askari wa jangwani alikuwa sajini au nani hasa. Nimemwambia alikuwa Wa Tatu. Akanyamaza kidogo kwenye simu, kisha akasema, "Alaa. Kumbe hawakumpa."