B&M, Intamin, Mack, Vekoma, RMC: kwa mliopanda rola kosta, nani fundi kweli?

MzeeWaReli (Köln)

Wakuu habari za wikendi. Hii hoja nimekaa nayo muda mrefu, leo naiweka mezani. Kila nikiongea na mtu kuhusu rola kosta, zile treni za burudani za parkini zinazopanda na kushuka kwa kasi, ananiuliza ina urefu gani, inakimbia spidi ngapi, basi, kamaliza. Hakuna anayeuliza imeundwa na nani, kampuni ipi kati ya hizo tano nilizotaja hapo juu. Na mimi baada ya miaka sita ya kuzipanda nimefika mahali naona hilo ndio swali la kwanza kabisa, urefu na spidi vinafuata huko nyuma.

Ngoja nieleze nilivyofika hapo. Karibu na ninapoishi kuna Phantasialand, pale Brühl, parki ndogo imezungukwa na makazi ya watu, kwenda juu sana hawawezi kwa hiyo wamechimba chini. Sasa ndani ya hako kaeneo kuna kosta tatu za kampuni tatu tofauti, na ukiwahi geti unazimaliza zote kabla ya chakula cha mchana. Black Mamba ni ya B&M, 2006. Taron ni ya Intamin, 2016. F.L.Y. ni ya Vekoma, 2020. Nilizipanda Jumanne moja ya mwezi wa tisa, watoto wako shule, foleni hakuna, nikawa nashuka hii naenda ile narudi tena ya kwanza, ili mwili wenyewe uamue.

Black Mamba unaning'inia, reli iko juu ya kichwa na miguu iko hewani, na wameipitisha kwenye mashimo ya mawe, ukuta unakuja unakuja mpaka unajikuta umekunja magoti. Ni laini, haikuumizi popote. Ila ukishaipanda mara mbili mwili umeishaisoma, unajua hapa nitakandamizwa, hapa nitageuzwa.

Taron ni habari nyingine kabisa jamani. Inakurusha mara mbili. Ya kwanza ya kawaida tu, ya pili ndio yenyewe: treni inaingia kwenye kipande cha reli kilichonyooka, unasikia sumaku zinaanza kuvuma chini yako, ule mlio unapanda juu kama mtu anakaza uzi wa gitaa, halafu mgongo unagandana na siti, kilomita 117 kwa saa katikati ya miamba. Reli inajikatiza yenyewe mara 116. Haikugeuzi kichwa chini hata mara moja na hutaikumbuka hiyo habari maana kabla hujamaliza kutupwa kulia umeshatupwa kushoto. Nilishuka magoti yanatetemeka, nikarudi foleni.

F.L.Y. unapanda umekaa kawaida kisha siti inakugeuza ulale kifudifudi kama ndege. Upole mtupu na raha tupu. Na hii ni Vekoma, kampuni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inasifika kwa kosta za kunakili zilizojaa kila nchi, Boomerang na zile za kuning'inia, ambazo wapenzi wa mchezo huu walizilalamikia kwa kugonga masikio kwenye vyuma vya mabegani. Wamebadilika kabisa, wapewe haki yao.

Kwa hiyo kwangu mimi: Intamin wa kwanza. RMC wa pili, japo nimepanda moja tu, Untamed ya parki ya Walibi Holland. Mack wa tatu. Vekoma hii mpya ya nne. B&M wa tano. Najua hapo kwa B&M nitapigwa mawe, karibuni.

Kombo_AD (Abu Dhabi)

Ndugu yangu kwa Intamin tuko pamoja ila hilo la spidi kuja nyuma mimi silikubali hata kidogo. Njoo hapa parki ya Ferrari World upande Formula Rossa, ya Intamin hiyo hiyo, halafu tuongee. Kilomita 240 kwa saa na unafika huko ndani ya sekunde tano. Wanakupa miwani kabla ya kuondoka kwa sababu chembe moja ya mchanga ama mdudu kwa spidi ile ni jicho hilo. Mara ya kwanza nilikaa mbele, wallahi pumzi ilikatika, nilifungua mdomo ili nipige kelele upepo ukaingia ukaizuia humo humo kooni. Ningekuwa na kanzu sijui ingekuwaje, nashukuru nilivaa suruali siku ile.

Sasa hiyo ni namba, hakuna ufundi wa kona pale, ni mita 52 tu za urefu na kona zenyewe pana. Lakini spidi ile ndio safari yenyewe. Mtu akiniuliza kwa nini nimeipanda mara kumi na moja nitamjibu 240, basi.

Njeri_Ohio

Mzee wa Reli umenifurahisha lakini RMC kuwekwa wa pili kwa kupanda moja ni kuwaonea, wanastahili wa kwanza. Mimi niko karibu na parki ya Cedar Point, Sandusky, kila kiangazi nakata pasi ya msimu.

Kwa wasiojua hawa RMC ni kampuni ya kule Idaho. Wao walianza kwa kuchukua kosta za mbao zilizochoka, zile ambazo watu walishazikimbia kwa kutikisika, wanaacha nguzo za mbao zisimame, wanang'oa reli wanaweka reli ya chuma. Ya kwanza ilikuwa New Texas Giant, 2011. Hapa Cedar Point tulikuwa na Mean Streak ya 1991, likubwa kweli lakini likawa halipendwi, wakalifunga, na 2018 likarudi likiitwa Steel Vengeance. Nguzo zile zile nyingi tu, ila safari utadhani umehamia sayari nyingine.

Nieleze kinachotokea. Ukifika kileleni mwa kilima treni inashuka haraka kuliko mwili wako, kwa hiyo unabaki umeachwa hewani, makalio yameachia siti na kinachokushika ni kile chuma cha mapajani peke yake. Kwenye kosta nyingi hiyo hali ni sekunde moja unashuka. Steel Vengeance parki wenyewe waliitangaza kwa sekunde 27.2 ukijumlisha zote. Kuna sehemu inaingia ndani ya zile nguzo za mbao, giza giza, kilima kidogo, kilima kidogo, kilima kidogo, kila kimoja kinakutoa kitini kabla hujakaa vizuri. Nikishuka mapaja yanauma na nacheka peke yangu kama mtoto.

Na hapo hapo parkini kuna Millennium Force ya Intamin, mita 94, kilomita 150 kwa saa, ya 2000, ndio ya kwanza duniani kuvuka futi 300 kwa mzunguko kamili. Naiheshimu sana, machweo juu ya Ziwa Erie ukiwa kule juu sijaona mfano wake. Lakini nikiambiwa nichague moja ya mwisho maishani ni Steel Vengeance bila kufikiria.

fundi_mitambo

Nafanya kazi ya lifti na mitambo ya haidroliki, sio ya kosta, ila mashine ni mashine, kwa hiyo niruhusuni niongelee upande ambao abiria haoni.

Intamin ni watu wa kuthubutu, tangu 1967 wapo. Ile Formula Rossa ya kaka Kombo inarushwa kwa haidroliki: mafuta yanasukumwa kwenye matangi yenye gesi ya naitrojeni, presha inajikusanya, halafu inaachiwa yote kwa mpigo kwenye mota zinazozungusha winchi, winchi inavuta kebo, kebo inavuta treni. Hesabu hapo kuna vitu vingapi vinavyoweza kugoma. Sili, pampu, kebo, vali, kila kitu kinapigwa na nguvu ya ghafla kila baada ya dakika chache kutwa nzima. Kingda Ka ya New Jersey ilikuwa ya mfumo huo huo, ya 2005, mita 139, kilomita 206 kwa saa, mara nyingine treni ilikuwa haifiki kileleni inarudi kinyumenyume mpaka ishikwe na breki, na ilibuniwa ikijua hilo. Imefungwa 2024, Februari 2025 wakailipua. Ndio maana sasa hivi kurusha kwingi kunafanywa na sumaku kama hiyo Taron, sumaku haigusani na kitu, haichakai namna ile.

B&M sasa. Cheni inapandisha, mvutano wa dunia unafanya mengine yote. Reli nene, uti wake ni sanduku la chuma. Siti nne kwa safu kwenye kosta zao nyingi, foleni inatembea. Mnasema haishtukizi, sawa, lakini mimi nikiona mashine ya 1992 kama Batman ya Chicago bado inabeba watu naivulia kofia. Sisemi hawana kasoro, Fury 325 yao ya parki ya Carowinds ilikutwa na nguzo imepasuka 2023 na aliyeiona alikuwa mgeni tu wa parki, ikafungwa wakabadilisha nguzo. Chuma ni chuma, kinahitaji jicho kila siku awe ameunda nani.

Hoja yangu ni moja, kosta iliyofungwa haina ladha yoyote. Kwenye hesabu zenu wekeni na hilo.

MamaZuhura (Dar)

Kaka fundi umenigusa mahali penyewe. Mwaka juzi tulisafiri na kijana wangu, parki siitaji na nchi siitaji. Mtoto alihesabu siku kwenye kalenda miezi mitano, alikuwa anajua hiyo kosta kila kona kwa video za YouTube. Tumefika asubuhi tunakimbia, tunakuta kamba imefungwa mlangoni na karatasi imebandikwa kwamba leo haifanyi kazi. Mnaoishi huko mnarudi wiki ijayo. Sisi tulikuwa na siku moja. Alizunguka nayo siku nzima akiiangalia kwa chini, anakuja anasema mama labda saa kumi wataifungua. Haikufunguliwa.

Sasa mwaka huu kuna safari ya Ujerumani kwa shangazi yake, mwezi wa saba, nimeshaweka hela ya tiketi za siku mbili. Naomba mniambie kitu cha uhakika, niwaachie ninyi wazoefu.

MswahiliWaJozi

Kabla hamjamjibu dada niongeze la ukoo maana mnawapambanisha watu wa nyumba moja. Walter Bolliger na Claude Mabillard, ndio hao B na M, walikuwa wafanyakazi wa Giovanola, kiwanda cha chuma cha Monthey, Uswisi, na Giovanola ndio ilikuwa inawatengenezea Intamin mashine. Wakatoka 1988 wakafungua ya kwao hapo hapo Monthey. Na mahesabu ya reli kwa kambi zote mbili yamepita sana kwenye meza ya injinia mmoja wa Munich, Werner Stengel, ambaye kabla ya hapo alishirikiana na muundaji kosta Anton Schwarzkopf kwenye kosta ya Revolution ya California, 1976, ile iliyofanya kitanzi kisiwe duara kamili bali kama tone la maji ili shingo isivunjwe na nguvu za kuingilia.

Kwa nini nalijua hili, kwa sababu hapa Johannesburg, Gold Reef City, tuna Anaconda, ya kuning'inia kama Black Mamba yenu, na imeundwa na hao hao Giovanola. Yaani huna haja ya viza ya Schengen kuonja mkono wa ukoo huo. Na pembeni yake kuna Tower of Terror inayokudondosha wima mpaka ndani ya shimo ardhini, na parki yenyewe imekaa juu ya mgodi wa zamani wa dhahabu. Ile giza ya kwenda chini, wakati babu zetu wengi walishuka mashimo ya namna hiyo kutafuta riziki, mimi huwa nanyamaza kidogo nikishuka.

MzeeWaReli (Köln)

Mama Zuhura pole sana, nimeisoma mara mbili hiyo ya labda saa kumi. Nilipanga orodha yangu kama mtu anayekaa nusu saa kutoka getini, Taron ikifungwa leo nakwenda Jumamosi. Hilo sikuwa nimeliwaza na fundi_mitambo amenifunga mdomo. Kwa msafiri B&M anapanda juu, namtoa wa tano namweka wa kwanza, nimekubali.

Kwa siku mbili nenda Europa-Park, Rust, usije kwetu Brühl. Sababu ni kwamba ndio parki ya familia ya Mack wenyewe, wale walioanza na mikokoteni pale Waldkirch mwaka 1780, wakafungua parki 1975 ili wateja waje waone mashine zikifanya kazi. Mtu hawezi kuacha duka lake mwenyewe lionekane bovu. Kosta ziko nyingi, moja ikigoma zipo nyingine. Silver Star ni ya B&M, mita 73, vilima virefu vya kumnyanyua kijana kitini taratibu. Blue Fire ni ya Mack, inarusha na kupindua lakini mabega yako huru. Voltron ya 2024 ni ya Mack pia, foleni yake ndefu kwa hiyo hiyo muende geti likifunguliwa tu. Silver Star iacheni mpaka jioni, safu ya mwisho kabisa, magurudumu yakiwa yameshapata joto la siku nzima inakimbia zaidi, na safu ya nyuma ndio inayovutwa kwenda chini.

Ana urefu gani? Silver Star wanataka sentimita 140. Blue Fire 130.

MamaZuhura (Dar)

Nimempima sasa hivi kwenye mlango wa jikoni, 138 bila viatu. Amechora mstari kwa penseli na juu yake akachora wa 140, anasema nisiufute.

Njeri_Ohio

Mpaka mwezi wa saba atakuwa ameupita huo mstari. Tuletee habari za safu ya nyuma dada.